Taya la Msemaji wa Posa

Ukitaka godoro mjini Gisenyi, utaenda kwa Anastase. Ukitaka kumwoza binti yako bila kuaibika, pia utaenda kwa Anastase, na hii ya pili ndiyo kazi anayoithamini. Magodoro ni ya kufanya mkono uende kinywani tu. Yameegemea ukuta wa duka kutwa, hayasemi wala hayajibu, na Anastase hajawahi kupenda kitu kisichojibu.

Kazi hiyo ya pili yataka kuelezwa kidogo kwa aliye mbali na Rubavu, wilaya yenye mji huu wa Gisenyi. Huko mtu haendi kuposa akapewa mke hivi hivi. Siku ya posa, ambayo wenyewe huiita gusaba, mahema mawili husimamishwa yakitazamana, wakwe huku, wenyeji kule, na baba wa binti haruhusiwi kusema hata karibuni. Anayesema ni msemaji, mwenye fimbo mkono mmoja na mikrofoni mkono wa pili, na kazi yake ni kuleta tabu. Anakana kwamba nyumbani hapo kuna binti. Anawakumbusha wakwe kwamba babu yao aliwahi kumnyima babu yake moto wa kuwashia kiko, kosa alilolitunga asubuhi hiyo hiyo akiwa bafuni. Msemaji wa wakwe anaomba radhi kwa kosa ambalo halikutendeka, watu wanacheka, vinywaji vinateremka, na mwisho kabisa, watu wakishachoka vizuri, msemaji wa wenyeji anatamka neno moja la Kinyarwanda: "Turamubahaye." Tumewapa. Kabla hajalitamka, binti hajatolewa, hata kama wapishi wamekwisha kupakua.

Kwa neno hilo Anastase alikuwa ametoa mabinti wa nusu ya mji. Alitoa wa wafanyabiashara, wa polisi, wa wachungaji. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na sifa zake zilivuka mpaka wa Kongo hadi Goma, ambako ndiko alikozaliwa na ambako bado wanadai ni mtu wao.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Igihozo.

Igihozo ni binti wa marehemu mdogo wake. Anastase na mkewe Nyirahabimana walimlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Ni yeye Anastase aliyemvusha mpakani, pale Grande Barrière, mtoto akiwa mgongoni kwake na kumvuta masikio njia nzima. Nyumbani Igihozo anamwita Papa na hajawahi kumwita vingine. Lakini kwa kuwa si baba mzazi, desturi ilimruhusu kusimama na kusema siku ya kuposwa kwake, na Anastase alikuwa akiingojea siku hiyo miaka nenda miaka rudi. Alikuwa amewasemea watoto wa wenzake wote. Sasa angemsemea wake, na angesema mpaka mahema yainuke yenyewe.

Mposaji alikuwa Shema, kijana mkulima wa karoti na vitunguu kutoka Nyakiriba. Siku ile ya kupanga tarehe alikuja na kapu la karoti kubwa kama mikono ya mtoto, akasema amezing'oa shambani kwake asubuhi hiyo. Mpole, hanywi ovyo, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Anastase alimchunguza juu na chini asimwone dosari, na jambo hilo lilimkera kupita kiasi.

Tarehe ikapangwa. Asubuhi iliyofuata Anastase alipiga mwayo, na taya likasema kla! Likakwama katikati, kinywa si wazi wala si kufungwa. Alikaa kitandani ameduwaa mpaka Nyirahabimana alipompiga kofi dogo shavuni, kwa upendo, na likarudi.

"Mi nilikuambia," mkewe akasema. "Unasagaka meno usiku yote sawa moulin. Kama iko mahindi unasaga, basi utuletee unga."

"Mi sisagi kitu."

"Na mi njo nalala na nani? Na jirani?"

Tangu siku hiyo taya likawa na serikali yake. Mshikaki wa mbuzi ulimshinda. Kofia ya pikipiki, ile ya abiria, ilimbana hata akashuka njiani akatembea kwa miguu, naye mwenye pikipiki akimfuata polepole kumwuliza amemkosea nini. Maumivu yalianzia mbele ya sikio, yakapanda kichwani, yakateremka shingoni. Lakini lililomtisha ni sauti yake. Alikuwa akianza sentensi nzuri, ndefu, yenye miguu na mikono, na katikati yake taya linasema kla, msikilizaji anageuka kutafuta nani amevunja kijiti. Msemaji gani huyo?

Alilaumu kofia ya pikipiki. Alimlaumu mbuzi. Alilaumu mto wake wa kulalia, akachukua mwingine dukani, akaulaumu na huo. Alikwenda mpaka kwenye chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa, ambako watu hutumbukiza magoti na migongo yao, akalala kifudifudi kwenye mwamba na kutumbukiza shavu. Mtalii mmoja alimvuta miguu akidhani anazama.

Kisha Nyirahabimana akaja na dawa ya mama yake: chumvi iliyokaangwa, ifungwe ndani ya kitambaa, kitambaa kipite chini ya kidevu na fundo lifungwe utosini. Anastase alikwenda dukani hivyo hivyo. Joto la chumvi lilikuwa tamu, na usiku hakuwa amelala vizuri, kwa hiyo alijinyoosha chali juu ya godoro kubwa la maonyesho, mikono kifuani, akasinzia.

Mtu anayefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini anajulikana ni nani. Xavérine, mwanamke anayevusha vikapu vya nyanya kwenda Goma, aliingia kununua mto, akamwona, akaweka kikapu chini na kupiga yowe lililowatoa watu saluni. Hamdani, muuza sufuria wa duka la jirani, alikuja mbio, akasema innalilahi, akafunga mlango nusu kwa heshima, kisha, kwa kuwa watu walikuwa wamejaa na hakuna aliyejua la kufanya, akaanza kumsifu marehemu.

"Alikuwa mtu wa watu," alisema Hamdani. "Kuongea aliongea mno, lakini mtu wa watu."

Anastase aliamka hapo. Angeweza kuinuka mara moja, ila maneno yalikuwa mazuri, na si kila mtu anapata bahati ya kuyasikia. Akaendelea kufumba macho. Akasikia kwamba alikuwa mkarimu. Akasikia kwamba mji umepoteza kinywa chake. Mwanamke mmoja alilia kweli kweli, na marehemu akaguswa moyo.

"Ingawa tuseme ukweli," Hamdani akaendelea, "magodoro yake yalikuwa yanabonyea upesi."

Maiti ikaketi.

Kilichofuata hakielezeki kwa utaratibu. Watu walitoka kwa mlango uliofungwa nusu kana kwamba u wazi wote. Xavérine alipita katikati ya sufuria za Hamdani na zikamfuata barabarani. Na Anastase, taya limefungwa, alikimbilia mlangoni akitaka kutetea magodoro yake, lakini sauti pekee iliyotoka ni "Mmmmmh!", jambo ambalo halikumtuliza mtu yeyote.

Xavérine alirudi baadaye kuchukua kikapu chake, amekasirika kuliko alivyoogopa.

"We mutu mubaya! Taya njo inakufanya maiti? Sasa sikia. Mi niliumwaka shingo kwa sababu ya kubeba, sikuwa nageuka ata kuangalia pikipiki. Iko docteur moja, pale juu ya fundi wa nguo, kwa barabara ya kuteremuka kwa ziwa. Hachomi sindano. Anakunyoosha na mikono. Uende, mbele ya kuua mutu na woga."

Anastase alipanda ngazi za pale juu ya fundi wa nguo akitarajia jitu lenye mikono ya mpasua kuni. Alikuta binti mwembamba mwenye koti jeupe, aitwaye Bella, aliyekulia Mwanza na kusomea kazi hiyo ya kunyoosha migongo na shingo huko Afrika Kusini. Dirishani palining'inia uti wa mgongo wa plastiki, mzima, na kipande cha nyonga chini yake.

"Karibu mzee. Pole na maumivu."

Anastase hakuondoa macho dirishani. "Asante. Ule njo mugonjwa ya mwisho?"

"Huyo ni wa kufundishia, mzee. Hajawahi kuumwa."

"Bon. Na docteur mwenyewe iko wapi?"

"Ni mimi."

Anastase aliitazama mikono ya binti huyo. Vilikuwa viganja vya mtu wa kushona vifungo. Akafikiri kurudi chini kwa fundi.

Bella alimwambia afungue kinywa taratibu na kuingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine. Viliingia viwili. Akaweka ncha za vidole vyake mwenyewe mbele ya masikio ya mzee, akamwambia afungue, afunge, afungue. Kla. Kla. Chini, cherehani ikanyamaza.

"Hapa ndipo taya linapokutana na fuvu," alisema Bella. "Halijachomoka. Lingekuwa limechomoka nisingeligusa, ningekupeleka hospitali sasa hivi. Hii ni misuli iliyochoka, na shingo imekakamaa kuisaidia."

"Imechoka na nini? Mi ata mushikaki sikulaka tena."

"Imechoka kwa kuuma."

"Kuuma nini?"

"Hilo nakuuliza wewe, mzee."

Alimlaza kwenye kitanda chake cha kazi, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili na kumwambia alegee. Anastase akasema amelegea. Hakuwa amelegea, vidole vya miguu vilikuwa vimesimama ndani ya soksi. Basi Bella akamwomba amsimulie posa aliyoisema vizuri kuliko zote. Ah! Hapo ndipo penyewe. Anastase akaanza na ile ya binti wa mchungaji, akafika mahali alipowaambia wakwe kwamba kwao huko hata kunguru huomba ruhusa, na Bella akaigeuza shingo ghafla, ikasema kroo!

Anastase alipapasa kuona kama kichwa kipo. Kilikuwepo, na kilikuwa chepesi.

"Mana yanjye, Mungu wangu," akanong'ona. "Docteur, umetoa nini?"

Baada ya hapo ikaja glavu. Bella aliingiza kidole gumba ndani ya shavu lake na kuubonyeza msuli ule wa kutafunia, polepole, mpaka machozi ya mzee yakamtoka, na wakati huo huo akawa anauliza maswali. Anastase, ambaye hajawahi kuacha swali lipite, alijibu yote kwa urefu. "Aha ehe oho-oho aha," alisema, kwa mkazo na mfano. Bella akawa anaitikia kwa kichwa. Mzee alifurahi, ni nadra kupata msikilizaji kama huyo.

Kidole kilipotoka, Bella akarudia swali moja tu. "Ilianza lini?"

"Tangu ile siku batu ya Nyakiriba walikuya kupanga tarehe."

"Wanamchukua nani?"

"Mutoto yangu."

"Aa," alisema Bella.

"Aa nini?"

"Aa tu, mzee."

Akampa masharti. Ale vyakula laini. Aache kubana simu kati ya taya na bega. Asilale kifudifudi. Aache kushika tama, maana Bella alikuwa amemwona kwenye benchi la kungojea, kiganja shavuni kama mfiwa. Na kila anapokumbuka, mchana kutwa, midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ukae juu kwenye kaakaa, apumue kwa pua. "Mimi naweza kukulegeza misuli na shingo," alisema. "Kuuma unauma wewe. Hapo mimi sina mkono wa kufika."

Alirudi tena na tena, na kweli, hatua kwa hatua, kla ikapungua. Lakini asubuhi za nyumbani taya lilikuwa linaamka limekaza upya, kana kwamba usiku mtu alikuja akalifunga boliti. Igihozo ndiye aliyekuwa akimletea uji wa mtama kabla ya kwenda kazini.

"Papa, kunywa. Docteur alisema ya uvuguvugu."

"We ukienda, nani atanipikia uji?" Anastase aliuliza siku moja, akijifanya anatania.

"Mama iko."

"Mama anatiaka donge."

Nyirahabimana akasema kutoka jikoni kwamba amesikia. Wote watatu wakacheka, na Anastase akaenda dukani, na alipofika akagundua kwamba meno yake yalikuwa yamebanana tangu mlangoni kwake.

Siku ya posa ikafika. Mahema yalijaa, wanawake wamevaa mishanana yao ya rangi, zile shuka za sherehe za kufungwa begani, vyombo vya maziwa vimepangwa, na Bella amealikwa na kuketishwa safu ya mbele kwa amri ya mzee, karibu na spika. Anastase alikuwa na mpango. Bella alimwambia taya litamfikisha mwisho asipolichosha, kwa hiyo angesema machache sana, angelitunza kwa ajili ya lile neno la mwisho. Neno hilo asingekubali litoke na kla ndani yake. Hilo lingekuwa la Igihozo, lingetoka zima.

Msemaji wa wakwe aliitwa Karenzi, mwanajeshi mstaafu aliyerudi kutoka Uganda, mrefu, mwenye sauti ya gwaride. Huyu alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Alikuwa amewauliza wote waliowahi kupita mikononi mwa Anastase, na alijua majibu ya makosa yote ya kutunga: la kiko, la mbuzi aliyekula maharage, la mtumbwi ulioazimwa. Alisimama kifua mbele, akasalimu kwa Kinyarwanda cha sherehe, maneno ambayo hapa tunayaweka kwa Kiswahili, akasema wamekuja kwa amani kutafuta ua walilolisikia linanukia.

Anastase akasimama. Midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi kwenye kaakaa. Akapumua kwa pua, na mikrofoni ikachukua: ffffff.

Uso wa mtu anayefanya hivyo haujui kwamba unatisha. Ni uso wa ofisa anayelijua jambo lako lote na anasubiri useme mwenyewe. Karenzi alikuwa amesimama mbele ya nyuso kama huo miaka mingi jeshini.

"Kama ni ile habari ya kiko," alisema haraka kidogo, "sisi tunaomba radhi."

Ffffff.

"Na mbuzi. Mbuzi tunamkubali, na kreti za vinywaji ziko tayari kumwombea msamaha."

Kreti zikapita. Anastase akatikisa kichwa taratibu, kwa kuwa shingo yake mpya ilimpa raha kutikisika. Wakwe wakadhani amekataa. Kijasho chembamba kikamtoka Karenzi. Alitoa mtumbwi. Alitoa kosa la ukame, ambalo hakuna mtu aliyewahi kushitakiwa kwalo. Aliishiwa, akabaki ameshika fimbo yake kama mwavuli uliogoma kufunguka.

Katika hema la wakwe minong'ono ikaanza. Wanajua. Wanajua nini? Mbona hasemi? Aliyeshindwa kuvumilia ni Mukashyaka, shangazi wa Shema. Alisimama bila kupewa ruhusa, umushanana umemteleza begani.

"Basi tuseme tu! Kwa nini mtuchome hivi? Zile karoti hazikuwa za shambani. Panya walikuwa wamekula za shambani. Tulizinunua sokoni hapa hapa Gisenyi!"

Anastase, ambaye hakujua lolote, alitoa macho. Kutoa macho huko kukahesabiwa kuwa swali la pili.

"Na mimi," akasema mzee mmoja wa nyuma yake, akivua kofia, "siku ile nilijitambulisha kuwa ni mwalimu. Si mwalimu. Nilikuwa nafungua geti la shule."

"Na gari jekundu ni la kuazima!"

"Na Shema anakoroma!" alipiga kelele mtu ambaye hakujulikana ni nani, na Shema akafunika uso kwa mikono miwili.

Watu walicheka hata wapishi wakatoka na miiko kuja kuona. Upande wa wenyeji walishikana mabega. Tangu Gisenyi iwe Gisenyi, hakuna msemaji aliyewahi kuwakamua wakwe namna ile bila kutia neno. Nyirahabimana alikuwa akijipepea kwa sahani. Karenzi akajisalimisha, akasema hawana tena cha kuficha, wamebaki uchi mbele za watu, wanaomba wapewe mchumba wao warudi nyumbani na aibu yao.

Mahema yakatulia. Ilikuwa saa ya neno.

Anastase alifungua kinywa. Kikafunguka chote, laini, bila kla. Bella pale mbele alitabasamu. Neno halikutoka.

Alifunga, akameza mate, akafungua tena. Mlangoni mwa nyumba, nyuma ya pazia, aliona vidole vya Igihozo vimeshika ukingo wa kitambaa, vikingoja aitwe. Mara ya tatu alifungua kinywa na kukiacha wazi.

"Taya!" mtu akasema. "Taya limekwama!"

Nyirahabimana akamsukuma Bella, na Bella, mbele ya mahema mawili, akaenda akaweka vidole mbele ya masikio ya msemaji. Akamwambia afungue, afunge. Alipapasa upande wa kulia, akapapasa wa kushoto. Shangazi mmoja aliuliza kwa sauti huyo msichana ni nani wa kumshika mzee mashavu hadharani.

"Mzee," alisema Bella kwa sauti ya chini, lakini mikrofoni ilikuwa pale pale chini ya kidevu, "taya ni zima."

"Najua," akajibu Anastase.

"Sasa?"

Akakiacha Kinyarwanda cha sherehe, akajibu kwa Kiswahili cha Goma, kile anachozungumza na watu wake jikoni.

"Mi sitaki tu."

Makofi! Kelele! Msemaji wa wenyeji kukataa ndiyo kazi yake, na huku kulikuwa kukataa bora kuliko kote, kumehifadhiwa mpaka dakika ya mwisho. Karenzi alifufuka. Hatimaye mchezo anaoujua! Akapiga hatua mbele, akanyoosha mkono, akaanza kusifu uwezo wa Anastase wa kuwatesa watu.

"Karenzi," alisema Anastase, "mi sichezi."

Karenzi akamtazama, akaona macho yake, akashusha fimbo. Vicheko vilikufa kimoja kimoja. Anastase alisimama pale, mtu mzima na suti yake, na machozi yakimtiririka. Alimpenda yule mtoto. Alikuwa amewatoa mabinti wengi wa watu kwa mbwembwe, akirudi nyumbani ameshiba na amefurahi, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza wenye mabinti walilala vipi usiku ule. Nyakiriba ni mwendo mfupi tu kwa pikipiki. Alijua. Haikumsaidia.

Pazia likafunguka. Binti hatoki kabla hajatolewa. Shangazi wawili walikuwa wanamvuta umushanana kwa nyuma, naye akatoka nao wakimfuata kama mkia. Akavuka ua mpaka mbele ya Anastase.

"Papa," alisema Igihozo, "kama hautaki, tuseme apana. Mi ntarudi ndani, ntavua hii manguo. Basi."

Anastase alimchunguza. Mtu aliyeishi kwa maneno anayajua yaliyopambwa na yasiyopambwa, na haya hayakuwa yamepambwa. Angerudi ndani kweli. Ni aibu kusema, lakini kwa kitambo Anastase alifikiri kukubali. Kisha akamtazama Shema, aliyekuwa amesimama katika hema lake, mikono inaning'inia, hana la kujitetea, hata karoti hana. Akamtazama tena Igihozo. Hakuwa amegeuka hata mara moja kuangalia upande wa Shema, kwa sababu alijua akigeuka Papa yake ataona anavyomtaka.

"Turamubahaye," alisema Anastase. Lilitoka zima.

Vigelegele vikapasuka, ngoma zikaitikia, na Karenzi akamkumbatia hata fimbo zao zikagongana. Kwa desturi binti alipaswa kuvuka papo hapo kwenda kuketi na wakwe. Hakuvuka. Alivuta kiti akakiweka kando ya cha Anastase, akaketi, akamshika mkono, na watu wa Nyakiriba, ambao siku hiyo walikuwa wamekwisha kukiri kila kitu, hawakuthubutu kulalamika. Walikaa hivyo mpaka vigelegele vilipochoka. Kisha Igihozo akasimama, akavuka.